Aliyesimama Posta ya Zamani

Koti jekundu la mtoto lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango tangu asubuhi, na hakuna aliyeligusa. Mama alikuwa na hakika, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyelitundika, na siku nzima hakutoka nje. Lakini alasiri, alipokuwa akipita na bakuli la uji wa mgonjwa, bega lake liligusana na koti lile na bega likalowa. Akalishika. Kwenye mabega ya koti na kwenye kofia yake kulikuwa na theluji, theluji mbichi ambayo haijaanza kuyeyuka, ilhali kipasha joto cha chumbani kilikuwa kinawaka vizuri.

Aliweka bakuli chini, akaenda kumwangalia binti yake. Kitanda kilikuwa kitupu.

Mume wake alikuwa mpiga picha. Studio yao ilikuwa chini na makazi yao juu, katikati ya mji mdogo uliozungukwa na milima. Majira ya baridi watu hawakufunga ndoa wala kusafiri, basi picha za harusi na za pasi zilikuwa chache. Kwa hiyo kila Jumamosi aliwachukua wageni wenye kamera zao akawatembeza kwa miguu katikati ya mji, akiwafundisha namna ya kupiga picha ya theluji isitoke kijivu, namna ya kungoja mawingu, na namna ya kukinga lenzi na pumzi ya mpigaji mwenyewe.

Alikuwa mtu wa kujali majina. Mgeni akisema "zile ngazi za njano", alimsahihisha kwa upole: Ngazi za Mahakama. Akisema "posta", alimwambia ni Posta ya Zamani, kwani posta yenyewe ilihama siku nyingi na mlango wake ukapigiliwa misumari. Kila kitu mjini alikijua kwa jina lake halisi, isipokuwa kimoja.

"Jengo likipigwa picha peke yake halina ukubwa," aliwaambia wageni kila Jumamosi. "Laweza kuwa kasri, laweza kuwa boksi la viatu. Weka mtu mlangoni, ndipo jicho litajua."

Mtu wa kuwekwa mlangoni alikuwa binti yake. Tangu alipojua kusimama wima bila kushikwa alivalishwa koti jekundu, ili aonekane vizuri kwenye weupe wa theluji, akapelekwa mbele ya majengo. Wageni ndio waliomwita Kipimo. Jina likanata. Muuza mikate alimwita Kipimo, wenzake shuleni walimwita Kipimo, na haukupita muda baba yake akawa Baba Kipimo na mama yake Mama Kipimo, mji mzima. Jina alilopewa na mama yake siku aliyozaliwa likabaki la kutajwa akivunja kikombe. Jina hilo halitaandikwa hapa, na msomaji ataona sababu.

Maneno ya kumsimamisha hayakubadilika. "Haya Kipimo, simama hapo. Usitikisike mpaka baba aseme basi." Mtoto alisimama kama nguzo. Wageni wote wakishapiga, baba alipaza sauti, "Basi!" na mtoto alimkimbilia, naye akafungua koti lake kubwa, akamwingiza ndani, akafunga vifungo. Walikwenda hivyo mpaka jengo linalofuata, mtu mmoja mwenye tumbo kubwa.

"Baba Kipimo," daktari wa meno alikuwa akimtania, "mimba hiyo haizaliwi tu? Kila mwaka mimi nakuona nayo."

Daktari huyu wa meno alikuja kila majira ya baridi. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na kamera ghali kuliko zote, na maneno mengi kuliko picha.

Jumamosi ile mtoto aliamka na homa na kikohozi. Mama alimpaka dawa ya kifua, akamfunika, akasema leo haendi popote. Mchana mpiga picha akaondoka peke yake na wageni wake: daktari wa meno, muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa mama mtaratibu asiyependa mizaha, na maharusi wawili ambao walikuwa bado hawajazoea kuachiana mikono, hata pale kila mmoja alipohitaji mikono miwili kushika kamera.

Kituo cha kwanza kilikuwa Posta ya Zamani. Mlango wake umeingia ndani ya ukuta, chini ya tao la mawe, na hapo kiza hukaa hata mchana. Mpiga picha alisimamisha miguu mitatu ya kamera, akainama, akaweka jicho. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikifanya kile ilichofanya kila Jumamosi, mdomo nao ukafanya wa kwake.

"Haya Kipimo, simama hapo. Usitikisike mpaka baba aseme basi."

Wageni wakatazamana. Kisha wakacheka wote.

"Mtoto umemwacha na homa," alisema daktari wa meno. "Hapo unamsimamisha nani?"

"Mazoea tu, Daktari."

"Mazoea! Bado kidogo utafungulia hewa koti."

Mpiga picha alicheka pamoja nao, kwa aibu kidogo. Wakapiga picha zao. Neno la mwisho, lile la kumwachia mtoto, hakulisema, kwa sababu hakukuwa na mtoto wa kuachiwa.

Muuguzi ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anatazama kioo cha kamera yake huku amekikinga kwa kiganja.

"Hebu njoo," alimwambia mpiga picha. Hakuinua sauti.

Chini ya tao, mbele ya mlango uliopigiliwa misumari, palikuwa na kitu chekundu chenye kimo cha mtoto. Kilikuwa kimewapa mgongo. Uso kilikuwa kimeuelekeza mlangoni, karibu sana, kama mtu anayesikiliza kinachosemwa upande wa pili. Wakainua macho pamoja kutazama tao lenyewe. Hapakuwa na kitu.

"Ni mwako wa taa ya duka fulani," alisema mpiga picha.

Muuguzi alitazama kushoto, akatazama kulia. Mtaa ule haukuwa na taa nyekundu, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko mpiga picha.

Walipofika Ngazi za Mahakama alinyamaza kabisa. Alionyesha kwa kidole tu mahali pa kusimama wapigaji, wala hakutamka hata "haya". Ngazi zilikuwa zimelala chini ya theluji laini ambayo hata ndege hajaikanyaga. Bibi harusi alipiga picha moja, akashusha kamera, akamshika mumewe mkono.

"Zile nyayo zilikuwepo?"

Katikati ya ngazi palikuwa na alama mbili za viatu vidogo, sambamba, vidole vimeelekea ukutani. Hapakuwa na alama nyingine ya kufika pale, wala ya kuondoka. Upepo ukavuma ukawaletea harufu ambayo hakuna aliyeitarajia mahali pa wazi kama pale, harufu ya ubani uliozimwa kwa maji.

"Nani anafukiza huko?" aliuliza daktari wa meno, na safari hii hakuongeza mzaha.

Muuguzi alikuwa ameinamia kamera yake tena. Kisha akainua kichwa.

"Kule Posta alitupa mgongo wote," alisema taratibu. "Hapa naona shavu. Anageuka. Baba Kipimo, nenda nyumbani. Mimi nitawarudisha hawa."

Simu ya mpiga picha ikaita kabla hajajibu. Alikuwa mkewe, akinong'ona kama mtu aliye chumba kimoja na asiyetaka kumwamsha.

"Rudi. Mtoto amesimama."

"Amesimama vipi?"

"Amesimama, baba. Pembeni ya kabati. Uso ukutani. Namvuta haji. Nimemwita shangazi, ameshafika. Rudi."

Alikimbia katikati ya mtaa, miguu mitatu ya kamera ikimgonga mgongoni, na giza la mapema la milimani lilikuwa limeanza kushuka juu ya mapaa. Alipoingia studio alifunga mlango kwa ufunguo, akaujaribu kama umefunga, akapanda juu.

Shangazi wa mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo kati ya kitanda na mlango, mtandio kichwani, mikono magotini. Watu wa mjini walimwendea kwa mambo ambayo hawakupenda kuyasema hospitalini. Hakumsalimu mpiga picha. Alimwelekeza kwa macho.

Binti yake alikuwa amesimama kwenye pembe ya chumba, miguu mitupu, mikono imenyooka ubavuni, pua ikikaribia kugusa ukuta. Alimsimamisha hivyohivyo mara ngapi, wima, mikono chini! Akamgusa bega. Lilikuwa baridi kama komeo la geti. Akamzungusha kidogo amwone uso: macho yalikuwa wazi, hayapepesi.

Basi akafanya jambo ambalo baba yeyote wa mtoto yule angelifanya. Alipiga magoti, akasema lile neno alilolibakiza kule Posta ya Zamani.

"Basi, Kipimo. Basi, umemaliza."

Mtoto hakutikisika. Chini, kwenye studio, kengele ya mlango ikalia.

"Mlango nimeufunga," alisema mpiga picha.

"Umesema nini wewe?" Shangazi alikuwa ameshasimama. "Umemwambia nani hayo maneno?"

"Nimemwachia. Ndilo neno letu, shangazi. Nikisema basi anakuja."

"Huyu mbona hajaja? Aliyeachiwa ni nani?"

Papo hapo viatu vidogo vikaanza kupanda ngazi, kwanza mbio, kama apandavyo mtoto aliyechoka na baridi na anayejua kwamba juu kuna moto na kuna baba, kisha polepole, kipandio kimoja baada ya kingine, na kila kipandio kililia mlio wake uleule ambao mpiga picha aliujua tangu siku waliyohamia nyumba ile, mpaka mlio wa kipandio cha mwisho, kile kilicholegea, ukasikika nje kabisa ya mlango, na harufu ya ubani uliozimwa ikapita chini ya mlango ikajaza chumba.

"Baba," ilisema sauti ya binti yake. "Nimemaliza. Nifungulie koti."

Ilikuwa sauti yenyewe. Ilipungukiwa kitu kimoja tu: haikuwa na mafua.

Mpiga picha alishangaa kuona mikono yake mwenyewe iko kifuani, kifungo cha juu kimeshafunguka, vidole viko kwenye cha pili. Mkewe alimrukia akaikamata mikono ile, akaibana kwa nguvu zake zote.

"Usimfungulie," alinong'ona shangazi. "Wala usimjibu bado. Niambie. Huko nje leo ulimwita kwa jina gani?"

"Kipimo."

"Hilo ndilo jina lake?"

"Ndivyo tunavyomwita."

"Sikukuuliza hivyo. Alilopewa na mama yake, ulilitaja?"

"Hapana."

Shangazi alivuta pumzi. "Basi bado tuna njia. Majengo yote ya mji huu unayaita kwa majina yao, kijana, halafu damu yako ukaiita kwa kazi unayoituma. Jina hilo halikuwa la mtu. Limepata wa kuliitikia. Sasa likane."

"Nikane vipi?"

"Sema wewe si baba wa huyo. Mkeo naye aseme. Wote wawili."

"Baba, nje kuna baridi," ilisema sauti. "Baba, umeniambia nisitikisike, sikutikisika."

Mpiga picha alitazama mlango, kisha akatazama pembe ya chumba, na hofu iliyomshika wakati ule ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo, kwa sababu aliyekuwa pembeni ya kabati alikuwa baridi kama chuma na hasemi na hapepesi macho, na aliyekuwa nyuma ya mlango aliongea, alilalamika, alimwita baba, na kama angekosea katika kuchagua, kama kile kilichosimama ukutani ndicho kitu na yule wa mlangoni ndiye mtoto aliyepotea njia akarudi, basi angekuwa amemkana mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, mlangoni kwake, kwenye baridi.

"Shangazi," alisema, "mwanangu ni yupi?"

Mkewe alimwachia mikono. Alikwenda kwenye pembe ya chumba, akainama nyuma ya mtoto, akafunua kola ya gauni la kulalia, akaingiza pua yake shingoni. Alikaa hivyo kidogo.

"Ni huyu," alisema, na machozi yakamtoka. "Ananuka ile dawa ya kifua. Nilimpaka mwenyewe asubuhi. Ni huyu, baba. Sema."

Mpiga picha akausogelea mlango.

"Mimi si Baba Kipimo," alisema. "Sina mtoto mwenye jina hilo. Sikukuita wewe."

"Mimi si Mama Kipimo," alisema mkewe. "Sikukuzaa, sikukulea."

Barafu nyeupe ilianza kuota kwenye kitasa cha mlango kwa upande wa ndani, ikatambaa ubaoni kama utando wa buibui.

"Basi mimi ni wa nani?" iliuliza sauti, na sasa haikuwa ya binti yao, wala haikuwa ya mtoto.

"Msimjibu," alisema shangazi. "Mwiteni mwanenu. Kwa jina lake."

Wakaliita. Mama kwanza, baba akafuata, kisha wote pamoja, jina lile la siku ya kuzaliwa, na kwa kuwa walikuwa hawajalizoea lilitoka midomoni likiwa geni, zito, kama kitu kilichotolewa sandukuni. Mtoto kwenye pembe akashusha pumzi. Magoti yake yakalegea, mama akamdaka kabla hajafika sakafuni, na hapohapo akashikwa na kikohozi kikali, kibaya, na wazazi wote wawili wakakisikiliza kwa furaha.

"Nilikuwa Posta," alisema alipopata sauti. "Baba, ulisahau kusema basi."

Nje ya mlango viatu vidogo viligeuka vikaanza kushuka. Havikukimbia. Vilishuka kama vya mtoto aliyekaripiwa mbele za watu. Kengele ya studio ikalia mara nyingine. Mpiga picha alipokwenda kutazama baadaye, mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ufunguo.

Shangazi hakuondoka mara moja. Aliagiza koti jekundu lichomwe, akasimama mwenyewe mpaka likawa majivu. Kisha akawaambia bila kuzungukazunguka.

"Lile lililokuja sikulifukuza. Limekataliwa tu, na hilo ni jambo lingine. Nyumba hii halina haja nayo, wala halina haja na mtoto wenu. Linataka koti la kuingia, nanyi mmelipatia jina la kuitikia. Jina hilo lisitajwe tena mjini hapa. Atakayelitaja huko nje, litamjia yeye."

Ni rahisi kusema hivyo. Mpiga picha alikwenda nyumba kwa nyumba na duka kwa duka, mtu mkimya ambaye hakuwa na desturi ya kubisha hodi, akawaomba watu waache kumwita jina walilomwita miaka yote. Muuza mikate alicheka akadhani wamegombana na mkewe. Walimu walimwandikia mtoto jina lake halisi kwenye dawati. Muuguzi mstaafu hakucheka. Alifuta picha zake zote za siku ile, na hakuuliza kitu. Daktari wa meno alicheka kuliko wote.

"Jina tamu namna ile mnalitupa? Haya, haya, bwana. Nimeahidi."

"Daktari, nakuomba kwa dhati."

"Nimeahidi, nimeshasema!"

Matembezi ya Jumamosi yakaendelea. Mlangoni mwa majengo mpiga picha alisimamisha ufito mrefu aliouchora mistari myeusi na myeupe, na wageni walinung'unika kwamba picha hazina uhai.

Baridi ilikuwa bado haijavunjika siku ile walipovuka uwanja wa kati wote watatu, mtoto katikati yao, amevaa koti la buluu, mikono yake ndani ya mikono yao. Upande wa pili wa uwanja, karibu na Posta ya Zamani, alikuwa daktari wa meno, kamera shingoni. Aliwaona akafurahi, na furaha ikamsahaulisha ahadi.

"Baba Kipimo!" aliita, mkono juu. "Ee, Baba Kipimo! Kipimo hajambo?"

Hawakugeuka. Walikuwa wamejizoeza jambo hilo. Mama alibana mkono wa mtoto, mtoto akabana wa baba, wakaendelea kutembea. Lakini mbele yao palikuwa na dirisha pana la duka, na kwenye kioo chake mpiga picha aliuona uwanja wote nyuma yake: aliuona mlango wa Posta ya Zamani, akamwona daktari wa meno akishusha mkono, akitazama chini ubavuni pake kama mtu aliyevutwa nguo, na uso wake, uso ule wa mizaha, ukalainika namna ambayo hakuna aliyewahi kuuona umelainika.

"Kumbe uko huku!" walimsikia akisema. "Wamekuacha? Njoo, njoo, baridi hii."

"Daktari!" mpiga picha aligeuka akapiga kelele. "Usifungue koti! Daktari!"

Saa ya mnarani ilianza kulia juu ya vichwa vyao, ikayafunika maneno yake. Daktari wa meno alikuwa akifungua vifungo, kimoja baada ya kingine, kama alivyomwona rafiki yake akifanya kila mwaka. Akainama. Akafunga tena. Kisha akawapungia mkono kwa mbali, akicheka, akalipiga tumbo lake kubwa jipya kwa kiganja, akageuka akashika njia ya alikofikia.

Nyayo alizokuja nazo zilikuwa nyepesi juu ya theluji. Zile alizoondoka nazo zilizama, na kila iliyofuata ilizama kuliko iliyotangulia.

"Baba," alisema mtoto, macho yake yakimfuata daktari, pale chini ya pindo la koti lake palipojitokeza kipande cha kitambaa chekundu. "Lile koti langu jekundu, si tulilichoma?"